Kipa kwa Jina la Marehemu

Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, mjini Geita, Sostenes Bujiku aliinua mkono wa kulia mbele ya wakili akaapa kwamba binti yake wa kwanza, Mageni, alikwisha kufa. Mageni mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, amevaa sketi ya shule, ameshika bahasha yenye picha zake ndogo nne.

“Alifariki lini?” wakili aliuliza bila kuinua kichwa.

“Mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na kumi na tisa.”

“Wapi?”

“Ushetu. Ndiko tulikokuwa tunaishi kabla ya kuhamia Kharumwa.”

“Kwa ugonjwa gani?”

“Malaria. Ilimpanda kichwani. Tulimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, akatufia njiani.”

Katika maneno hayo yote uongo ulikuwa mmoja tu, jina. Mtoto alikufa kweli, mwezi ule, kwa homa ile, juu ya baiskeli ile. Lakini aliyekufa alikuwa Generosa, mdogo wake Mageni, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mageni ndiye aliyekuwa akikimbia nyuma ya baiskeli, ameshika kandambili za mgonjwa mkononi.

Wakili aligonga muhuri, kisha akamgeukia Martina, mama mtu. Martina hakujua kusoma, kwa hiyo akasogezewa kidau cha wino aweke dole gumba. Aliweka. Kwenye karatasi likabaki doa jeusi laini, kama tone la mafuta machafu. Karani akamwambia arudie, akarudia. Doa lilelile.

“Mama, mbona dole lako halina mistari?” karani aliuliza. “Unafanya kazi gani?”

“Naponda mawe ya dhahabu, kule mwaloni yanakosafishwa.”

“Mistari yote imeisha. Hebu lete kingine.”

Alijaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu walisogea kuangalia. Mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyocheka akiona kitu kigeni. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali, na wakati huo Martina alikuwa amepakaa wino hadi kwenye kanga.

“Haya, tumemaliza,” alisema wakili akiwakabidhi karatasi. “Poleni sana kwa msiba.” Akamtazama Mageni. “Na wewe binti, pole kwa kumpoteza dada yako.”

“Asante,” alijibu Mageni.

* * *

Walikula wali na maharage kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Martina hakula. Aliisugua mikono yake kwa majivu na maji ya kunawia, lakini wino haukutoka.

“Baba Mageni, umemuua mtoto akiwa anasikia,” alisema.

“Ulitaka nisemeje?”

“Ungesema ameolewa. Yuko Runzewe kwa mumewe.”

“Wangemtaka huyo mume. Yule afisa hukumsikia? Alisema lete mabinti wote wawili, wasimame hapa, niwaone. Ningetoa wapi wawili?”

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekwenda ofisi ya uhamiaji kumwombea Generosa pasipoti ya safari ya michezo, wakiwa na barua ya mtendaji wa kata. Barua ilisema kaya ya Sostenes ina mabinti wawili, maana Sostenes alipohamia Kharumwa hakumwambia mtu kwamba mmoja amezikwa. Afisa aliisoma, akamtazama Mageni mabega, akamtazama mikono, akasema kwamba kesi za wakubwa kuja na karatasi za wadogo anazipata kila wiki, na yeye si mtoto wa jana. Sostenes akaropoka pale pale kwamba mkubwa alifariki. Afisa akasema sawa, lete hati ya kiapo.

Jina lenyewe Mageni hakuliiba. Alipewa. Alikuwa amefeli darasa la saba, na aliyefeli hana mlango wa kurudi kwenye shule ya serikali. Wiki mbili baada ya mazishi ya mdogo wake, mwalimu mkuu wa Ushetu alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa uji, akasema taratibu: nafasi ya marehemu darasa la tano ipo wazi, kadi yake ya kliniki ipo, cheti cha ubatizo kipo. Mhamishieni mbali, aanze upya kwa jina hilo. Watu wengi hufanya hivyo. Wakahamia Kharumwa, kwenye dhahabu, ambako kila mtu ni mgeni na hakuna anayeuliza ulikotoka. Mageni akarudi darasa la tano akiwa na miaka kumi na minne, akafaulu, akachaguliwa kwenda bweni Shinyanga. Kwa miaka sita aliitika Generosa shuleni na Mageni nyumbani, na hakuwahi kujisahau hata siku moja.

Sasa alikuwa na miaka ishirini. Karatasi zilisema kumi na saba.

“Nisiende,” alisema pale mezani. “Nitamwambia madamu wa michezo naumwa.”

“Utakwenda,” alisema baba yake. “Nimeshaapa.”

* * *

Mchezo wenyewe, hoki ya kuteleza, uliingia Shinyanga kwa njia ya ajabu. Mzungu mmoja wa kujitolea alileta shuleni masanduku ya viatu vya magurudumu na magongo, akakaa miezi minane, akaondoka. Madamu Salome, mwalimu wa michezo, Mhaya asiyependa kitu kiishie njiani, hakuviacha viozee stoo. Alikwenda kuomba ruhusa kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa zamani nje kidogo ya mji, chenye sakafu ya saruji laini kama sahani. Hapo wasichana wakajifunza kuteleza, kuanguka, na kukisukuma kwa gongo kisahani cheusi cha mpira. Vumbi la pamba la miaka mingi liliwafanya wakohoe hadi bwenini.

Mageni alikuwa kipa. Hakuchagua. Wenzake waliogopa kile kisahani, yeye hakukiogopa. Likizo zote alikuwa akiponda mawe na mama yake, vipande vikimrukia usoni kutwa nzima, na macho yake yalikuwa yamezoea kutofumba.

Chama cha mchezo huo nchini, ambacho kilikuwa watu wanne na simu zao, kilipata mwaliko wa mashindano ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minane, Sofia, Bulgaria. Yalikuwa ya daraja la mwisho kabisa, kwa nchi ambazo barafu yake iko kwenye friji tu. Waandaaji wangelipa ndege na chakula. Wakachaguliwa wasichana kumi na sita, tisa kutoka Shinyanga, wengine Arusha na Dar es Salaam. Nahodha alikuwa Suzana, msichana wa Arusha, mfupi, mwenye maneno mengi, aliyelala na gongo lake kitandani.

Siku Mageni alipopeleka pasipoti, Madamu Salome aliifungua, akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Generosa,” alisema, “nina miaka kumi na tisa kazini. Mtoto wa miaka kumi na saba namjua.”

“Madamu, nataka kukwambia—”

“Usiniambie.” Aliifunga pasipoti akaitia kwenye mkoba. “Ukiniambia, nitakuwa najua. Nenda kafue jezi.”

* * *

Barafu haikuwa kama saruji. Saruji ukiiangukia inakuchubua, mnamalizana. Barafu ilimwachia mtu abaki chini akitapatapa kama ng'ombe kwenye tope, na kadiri alivyohangaika ndivyo alivyozidi kuteleza. Walipewa siku mbili za mazoezi. Siku ya kwanza hakuna aliyevuka uwanja bila kushika ukuta, na wafanyakazi wa ukumbi waliacha ndoo zao wakaja kutazama.

Mechi ya kwanza, na timu ya pili ya wenyeji, walifungwa kumi na sita bila. Wapinzani walipofika kumi na mbili walianza kupasiana tu kwa aibu. Usiku huo hakuna aliyezungumza chumbani isipokuwa Suzana.

“Kumi na sita,” alisema akiwa amelala chali. “Ila bila Generosa zingekuwa hamsini. Nimehesabu. Mikwaju hamsini na tisa. Toa kumi na sita, umezuia ngapi?”

“Lala, nahodha.”

“Arobaini na tatu. Mwone, hata hesabu hajui.”

Mechi ya pili walifungwa tisa bila. Mkono wa kushoto wa Mageni ulivimba kuanzia kiwiko hadi vidole, akauficha ndani ya glovu. Mtu alirekodi video yake akizuia visahani vitatu mfululizo, cha mwisho akiwa amelala kifudifudi, akakisimamisha kwa kichwa. Kufikia asubuhi watu laki moja walikuwa wameiona, na nyumbani Tanzania ilizunguka kwenye simu kwa maneno: Binti wa Kharumwa, ukuta wa dhahabu.

Mechi ya tatu ilikuwa na Malaysia. Hao nao hawakuwa na barafu kwao ila ya ukumbini, na hawakuwa wakali sana. Suzana alifunga dakika ya nane, kwa bahati, kisahani kikigonga kiatu cha mpinzani. Wakasawazishiwa. Zikiwa zimebaki dakika nne msichana mwingine wa Shinyanga akasukuma la pili. Kuanzia hapo Tanzania haikutoka tena kwenye eneo lake. Mageni hakumbuki sura ya mtu yeyote, anakumbuka magongo na pumzi yake ndani ya kinyago. Kengele ilipolia, wenzake kumi na tano walimwangukia juu, na chini ya rundo lile, mdomo wake ukiwa umebanwa kwenye barafu, alisikia wakiimba jina. Generosa, Generosa. Alilia. Waliodhani analia kwa furaha hawakukosea sana.

* * *

Kahama kulikuwa na redio ndogo. Mtangazaji wake, msichana mwenye bidii, alimpigia Sostenes baada ya ushindi, na Sostenes, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa simu na redio, alisema zaidi ya alichoulizwa. Alisema binti alizaliwa Ushetu, na bibi yake bado yupo huko, nyumba ya tatu baada ya bani la kukaushia tumbaku. Mtangazaji akapanda pikipiki akaenda.

Bibi Nyamizi alimpokea kwa heshima. Alikuwa hajaambiwa lolote. Kwake yeye wajukuu walihamishwa, mmoja akabaki ardhini. Alioneshwa picha kwenye simu akaitazama kwa karibu, akacheka kwa furaha, akaongea kwa Kisukuma dakika sita. Redio ilirusha yote jioni ile, na kabla ya kulala sauti ilikuwa imefika Sofia, kwenye simu ya Madamu Salome. Aliyeituma aliandika maneno matatu tu: Madamu, sikiliza hii.

Madamu alimwita Mageni kwenye ngazi za hoteli. Walikuwa peke yao.

“Mimi Kisukuma hakipandi,” alisema. “Wewe ni lugha yenu. Huyu mama anasema nini?”

Akabonyeza. Sauti ya bibi ikatoka, karibu kabisa, na kwa nyuma kuku. Mageni alisikia: Huyu ni Mageni, mjukuu wangu mkubwa, tazama pua, ni ya babu yake. Akasikia mtangazaji akiuliza, kwa hiyo Generosa ni nani. Akasikia bibi akijibu: Generosa yuko hapa nyuma ya nyumba, njoo nikuoneshe. Kisha nyayo mbili kwenye majani makavu. Kisha bibi: Tulimlaza hapa kwenye miti ya minyaa. Alikuwa mpole huyu. Mageni ndiye mkaidi.

“Anasema nini?” Madamu alirudia.

“Anasema anatuombea,” alijibu Mageni. “Anasema nina pua ya babu.”

“Na hapa mwisho? Mbona sauti imebadilika?”

“Anamkumbuka babu.”

Madamu Salome alimtazama. Chini yao lifti ilifunguka ikajifunga bila mtu. Kisha Madamu akatia simu mfukoni.

“Waandaaji wameniita,” alisema. “Wamepata malalamiko kuhusu umri wa mchezaji wangu. Wanataka niandike kwa mkono wangu kwamba nimechunguza na nimeridhika. Niandike?”

Mageni angeweza kusema hapana. Aliliwaza neno hilo miaka mingi baadaye, jinsi lilivyokuwa fupi. Lakini mechi ya mwisho ilikuwa kesho yake, Suzana alikuwa juu akiwafundisha wenzake wimbo wa kuingilia uwanjani, na baba yake alikuwa ameapa.

“Andika, madamu.”

Saa tatu asubuhi tafsiri ya Kiswahili ilikuwa imeshaandikwa mtandaoni, neno kwa neno, na picha ya kaburi.

* * *

Hawakumfokea. Bwana mmoja mwenye tai alisoma karatasi kwa Kiingereza cha polepole ili waelewe: mechi zote tatu zimefutwa, ushindi umehesabiwa kwa Malaysia, timu haitacheza ya mwisho. Mageni aliombwa arudishe jezi, kwa sababu ilikuwa mali ya mashindano. Aliivulia pale pale koridoni, akabaki na fulana ya ndani, na mkono wake uliovimba ukaonekana na kila mtu.

Suzana hakumsemesha hadi uwanja wa ndege. Hapo alimfuata kwenye viti vya kusubiria, akasimama mbele yake.

“Jina lako nani?”

“Mageni.”

“Mimi, Mageni, nimeshinda mechi moja maishani. Moja tu. Nimeshampigia mama yangu, mama yangu amewapigia majirani.” Alipangusa pua kwa kiganja. “Kumi na sita bila ningekaa nazo. Hizo zilikuwa zetu.”

“Nisamehe, nahodha.”

“Usiniite hivyo.”

Madamu Salome aliketi mstari wa mbele kwenye ndege, akiwa na shali begani, na hakugeuka safari nzima. Walipofika Dar es Salaam waandishi walikuwa wakisubiri. Aliwaambia kwamba alidanganywa na mzazi na mwanafunzi, kwamba ameumia sana. Akaongeza kuwa anawajibika. Mwezi uliofuata alihamishiwa shule ya msingi pembezoni mwa ziwa, isiyo na uwanja. Sakafu ya kile kiwanda ikaachiwa mbuzi.

* * *

Sostenes alikamatwa kwa kiapo cha uongo siku mbili kabla binti yake hajafika nyumbani. Alilala mahabusu siku nne, akatoka kwa dhamana, kesi ikapewa tarehe, na tarehe ikapewa tarehe nyingine. Martina hawakumkamata. Askari aliitazama hati, akaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akasema huyu mama hakujua alichowekea alama. Jambo hilo lilimuuma Martina kuliko kama wangemfunga.

“Nilijua,” alimwambia Mageni walipokuwa wakichambua mchele. “Mimi ndiye niliyekaa na yule mwalimu mkuu. Baba yako alitaka kukataa. Nilisema mmoja amekwenda, huyu mwingine asipotee akiwa mzima.”

Shuleni Shinyanga mkuu wa shule alimpokea Mageni vizuri, akamkaribisha kiti. Alikuwa na daftari la usajili wa mtihani wa kidato cha nne mbele yake.

“Mimi sina ugomvi na wewe,” alisema. “Lakini nisaidie. Nimsajili nani? Generosa Sostenes ni marehemu, siwezi kumsajili marehemu. Mageni Sostenes alimaliza darasa la saba mwaka elfu mbili na kumi na nane, akafeli. Huyo hajawahi kuingia shule ya sekondari. Hiki kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, nani alisoma?”

“Mimi, mwalimu.”

“Najua ni wewe.” Alifunga daftari. “Karatasi ndiyo haijui.”

Alimruhusu achukue godoro na sanduku lake.

Bibi Nyamizi alikuja Kharumwa Pasaka ilipopita, amebeba karanga na jogoo. Alishukia stendi akatembea mwenyewe hadi nyumbani, akiuliza kwa Mageni, na wote aliowauliza walijua ni wapi. Mageni alikuwa amepanga kutomsalimia. Alipomwona mlangoni, na vumbi hadi magotini, alipiga goti kama alivyolelewa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mayu, mama yangu. Wamekupiga?”

“Hapana.”

“Mbona umekonda?”

Martina alitoka jikoni na mwiko mkononi. “Mama, umetumaliza,” alisema. Sauti yake haikupanda. “Mtoto wangu alikuwa anakwenda kufanya mtihani. Umempeleka mtu wa redio kaburini.”

Bibi alimweka jogoo chini. Alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe Sostenes aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitazama miguu yake.

“Aliniuliza Generosa yuko wapi,” alisema. “Ni miaka sita hakuna mtu aliyekuja kuniuliza Generosa yuko wapi. Hata ninyi. Hamjaja kufyeka. Mtu ameuliza, nikampeleka. Nilikosea nini?”

Sostenes alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, na huko wakamsikia akilia kwa kukwama, kama mtu anayekohoa. Mageni alisimama katikati ya chumba. Ghafla aliona kwamba kwa miaka yote ile, kila alipoitika jina la mdogo wake darasani, hakuwahi kumlilia. Angemliliaje? Alikuwepo. Aliitwa kila asubuhi, akawa wa nne darasani, alikuwa na alama themanini za Baiolojia.

* * *

Mwanasheria wa msaada aliwaambia kwamba ili Mageni aruhusiwe hata kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, huko mbele, kwanza awe hai kwenye karatasi. Na ili awe hai, sharti yule aliyekufa aandikwe. Siku ya Jumatatu wakaenda ofisi ya mtendaji wa kata, wanawake watatu, bibi, mama na binti. Sostenes hakuruhusiwa kutia neno kwenye hati yoyote hadi kesi iishe.

Mtendaji, Eustace, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoa fomu ya taarifa ya kifo, akaipuliza vumbi.

“Jina la marehemu?”

Martina alimgeukia binti yake. Bibi alianza kusema kwa Kisukuma, mtendaji akamwomba amsubiri, fomu ni ya Kiswahili.

“Generosa Sostenes Bujiku,” alisema Mageni.

“Tarehe ya kuzaliwa?”

Aliitaja bila kufikiri. Alikuwa ameiandika juu ya kila karatasi ya mtihani tangu akiwa na miaka kumi na minne.

“Tarehe ya kufa?”

Aliitaja pia, na saa, na mahali, kati ya nyumbani na zahanati, karibu na daraja la miti. Alisema mdogo wake alikuwa amevaa gauni la kijani. Mtendaji akasema hilo halina sehemu ya kuandikia, lakini alimwacha amalize. Alisema marehemu aliomba maji na hawakuwa nayo. Alisema kandambili zake alikuwa amezishika yeye, na walipoziweka kaburini wakagundua ni za mguu mmoja, zote za kulia, kwa sababu asubuhi ile walizokota kwa haraka wakazichanganya na za Mageni. Martina alijifunika uso kwa kanga. Bibi alikaa wima akitikisa kichwa kukubali, kila neno, kama mtu anayesikiliza hesabu ikitoka sawa.

Eustace alivua miwani akaifuta, akairudisha.

“Mtoa taarifa?”

“Mageni Sostenes Bujiku.”

“Uhusiano na marehemu?”

“Dada yake.”

“Umri?”

“Ishirini.”

“Elimu?”

“Darasa la saba.”

“Kazi?”

Nje, upande wa mwaloni, nyundo za wanawake zilikuwa zimeanza, moja moja, kisha nyingi. Jumatatu iliyopita alikuwa huko na mama yake, na leo wakitoka hapa wangekwenda huko, maana siku ilikuwa bado changa.

“Naponda mawe,” alisema.

Mtendaji alishikilia kalamu juu ya kisanduku kile kidogo, akamtazama kwa huruma, akaandika: Hana.